Mbegu Zimelala au Zimekufa? Kutafuta Kosa Kabla ya Kuandika Jibu

Mwanaume anapokea jibu la kipimo cha manii kutoka labo, anasoma mstari mmoja tu, anaikunja karatasi mara nne na kuitia mfuko wa ndani wa koti. Hapa Lubumbashi nimeliona tendo hilo mara nyingi mno. Nikiona karatasi inaanza kukunjwa, najua nyumbani haitafunguliwa tena. Mke ataendelea kuitwa tasa na mawifi zake, na mume ataendelea kunyamaza. Kwa hiyo kabla hatujaandika "mbegu zote zimekufa", inatupasa tuwe na hakika kwamba zimekufa kweli, na kwamba hatukuziua sisi.

Naandika kwa wenzangu wanaofanya spermograme, yaani kipimo cha manii, na wanaoosha manii ili yaingizwe katika mji wa mimba, kazi ambayo madaktari wetu wanaiita IAC. Naandika pia kwa wale ambao wagonjwa wao wanaelekea kwenye FIV (yai na mbegu kukutanishwa nje ya mwili) au ICSI (mbegu moja kudungwa ndani ya yai). Kuchagua mbegu maana yake ni kuzitenga zilizo hai na zenye mwendo, mbali na zilizokufa, chembe nyeupe za damu, takataka, na majimaji ya manii yenyewe. Majimaji hayo hayatakiwi kuingia moja kwa moja katika mji wa mimba, kwa kuwa yana prostaglandini zinazoleta mikazo mikali na yanaweza kuwa na vijidudu. Kila hatua ya kutenga inaweza kuharibika, na kila kosa lina dalili zake.

Kabla ya dalili: namba si hukumu

Mwongozo wa OMS, Shirika la Afya Duniani, toleo la sita la 2021, unataja viwango vya chini hivi: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, milioni 39 kwa jumla, mwendo wa kila aina asilimia 42, mwendo wa kusonga mbele asilimia 30, uhai asilimia 54, na umbo la kawaida asilimia 4. Viwango hivyo vilitokana na wanaume ambao wake zao walipata mimba ndani ya miezi 12, na vimewekwa pale ambapo watano kati ya kila mia wako chini. Yaani katika kundi la watu ambao tayari ni baba, wapo walioshindwa kufikia namba hizo. Papa, yaani mwanaume, mwenye milioni 12 kwa mililita usimwambie hazai. Mwambie arudie kipimo, akiwa amekaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, kwa sababu kipimo kimoja hakitoshi kumwambia mtu jambo zito kama hilo.

Dalili: hakuna kinachotembea

Hii ndiyo dalili inayovunja nyumba nyingi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Asubuhi moja ya Julai, saa mbili na robo, alifika papa mmoja kutoka Ruashi. Wanaoishi Lubumbashi wanajua baridi ya Julai ilivyo saa hiyo. Niliweka tone kwenye slaidi, nikatazama, na uwanja wote ulikuwa kimya: mbegu nyingi, zimetapakaa kama punje za ufuta, hakuna mkia unaopiga. Nikatoka nje kumwuliza.

"Papa, kikopo ulikibeba namna gani?"

"Nilikitia mu sashe, docta, nikafunga nyuma ya moto."

Alikuwa amekuja kwa pikipiki, na upepo ulikuwa umekipuliza kikopo njia nzima. Nikakiweka kwenye joto la nyuzi 37 kwa dakika kumi, nikapasha slaidi mpya na kifuniko chake, nikatazama tena. Kwanza mkia mmoja ukapiga. Kisha kichwa kimoja kikaanza kutikisika mahali pale pale. Nilipomaliza kuhesabu, karibu nusu ya mbegu zilikuwa njiani, zinakata uwanja kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kama ningeandika nilichoona mara ya kwanza, papa yule angerudi Ruashi na karatasi ya uongo.

Basi sababu ya kwanza ya kuchunguza ni baridi. Baridi hupunguza mwendo, na mara nyingi mwendo unarudi joto likirudi, mradi muda haujapita. Ni vizuri mgonjwa atolee manii palepale labo, katika chumba kinachofungwa. Akilazimika kutolea nyumbani, kikopo kikae ndani ya nguo karibu na mwili, kifike ndani ya nusu saa, isizidi saa moja. Usikubali pia kosa la upande wa pili: kikopo kilichowekwa juani au karibu na mbabula ya makaa hupita nyuzi 37, na huko hakuna kurudi. Slaidi, pipeti na tyubu vipashwe pia. Kupasha manii halafu kuyadondoshea kwenye kioo chenye baridi ya meza ni kazi bure.

Sababu ya pili ni chombo na njia ya kutolea. Kondomu ya kawaida ina mpira wa lateksi, na nyingine zina dawa ya kuua mbegu. Sabuni inaua. Mate na mafuta mengi ya kulainishia yanapunguza mwendo. Kikopo kilichooshwa nyumbani kwa sabuni na kufutwa kwa kitambaa si kisafi kwa mbegu hata kama kinang'aa. Maswali haya yaulize ndani, mlango umefungwa. Ukimwuliza papa kwenye korido mbele ya watu alitumia nini, atakujibu uongo, na utabaki na uongo huo ndani ya jibu lako.

Ikiwa joto, muda na chombo vyote viko sawa na bado kumenyamaza, sasa uliza swali lenyewe: zimelala au zimekufa? Eosini, rangi nyekundu ya labo, inajibu. Changanya tone la manii na eosini pamoja na nigrosini, ngoja nusu dakika, paka, kausha, hesabu. Mbegu iliyokufa ina ngozi iliyotoboka, rangi inaingia na kichwa kinakuwa chekundu au cha waridi. Iliyo hai inabaki nyeupe juu ya usuli mweusi. Njia ya pili ni ya maji hafifu, na haihitaji rangi: gramu 0.735 za sitrati ya sodiamu yenye molekuli mbili za maji na gramu 1.351 za fruktosi katika mililita 100 za maji safi ya labo. Tia mililita 0.1 ya manii katika mililita 1 ya mchanganyiko huo uliopashwa nyuzi 37, ngoja dakika 30. Mbegu hai hunywa maji, na mkia wake unavimba na kujikunja. Iliyokufa inabaki na mkia ulionyooka. Ila hesabu kwanza mikia iliyokuwa imejikunja tangu mwanzo katika manii ambayo hayajaguswa, uitoe kwenye hesabu, la sivyo utazihesabia mbegu uhai zisizo nao.

Vichwa vingi vikiwa vyekundu, zimekufa kweli. Fikiria uambukizo, fikiria mbegu zilizokaa muda mrefu mno zikisubiri, hasa kwa mume anayefanya kazi mgodini na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Mwombe sampuli nyingine baada ya siku moja au mbili tu. Mara nyingine ya pili inakuwa hai kuliko ya kwanza.

Vichwa vingi vikiwa vyeupe lakini hakuna mwendo hata kidogo, mbegu zinaishi na tatizo liko kwenye mkia wenyewe. Mwulize kama tangu utotoni ana kikohozi kisichoisha na pua iliyoziba kila wakati, kwa sababu vinyweleo vinavyosafisha mapafu vimejengwa kwa muundo uleule wa mkia wa mbegu. Mtu huyo IAC haitamfaa, na kumtoza pesa ya kuosha mara tatu, nne, ni kumwonea. Njia yake ni ICSI, ambayo Palermo na wenzake waliitangaza kutoka Bruxelles mwaka 1992: mbegu moja hai inadungwa ndani ya yai moja, haina haja ya kuogelea. Hapo kuchagua kunakuwa kazi ya kutafuta iliyo hai kati ya zilizonyamaza. Wanatumia maji hafifu yale yale kwa dakika chache, kama tano, wanachukua yenye mkia uliojikunja na kuisuuza. Au wanaugusa mkia kwa ncha ya sindano ya kioo: wa mbegu hai unapinda peke yake na kurudi, kichwa kikibaki mahali pake, mfu anageuka mzima mzima kama kijiti. Pia ipo pentoksifilini, dawa inayoweza kuziamsha zilizolala. Mbegu iliyopakwa eosini haiendi kwenye yai kamwe.

Kwa hiyo kwenye fomu andika "hai, hazitembei" kama ndivyo ulivyoona. Maneno hayo mawili yanampeleka mgonjwa njia tofauti kabisa na neno "zimekufa".

Dalili: zilikuwa zinatembea, baada ya kuosha zimesimama

Hapa papa hana kosa. Tujitazame.

Anza na sentrifuji, mashine inayozungusha tyubu kwa kasi. Labo nyingi zina moja tu, na imewekwa mizunguko 3000 kwa dakika kwa ajili ya damu na mkojo. Sasa hesabu: nguvu ya g, yaani mara ngapi ya mvuto wa dunia, ni 0.00001118 mara nusu-kipenyo kwa sentimita mara mizunguko kwa dakika iliyozidishwa kwa yenyewe. Pima kwa rula kutoka katikati ya mhimili hadi ncha ya tyubu ikiwa imelala. Kama ni sentimita 15, mizunguko 3000 inatoa takriban g 1500. Gradienti, yale majimaji mazito ya tabaka mbili yanayochuja mbegu, inataka g 300 hadi 400. Kwa mashine hiyo, g 300 ni mizunguko 1340 hivi. Kijana aliyekuwa anajifunza nasi aliosha manii mazuri sana kwa mipangilio ya damu, akaja kuniita machozi yakimlenga: mashapo yalikuwa magumu, na kati ya mbegu kumi tisa zilikuwa zimesimama. Tulipima kwa rula pamoja, tukabandika namba sahihi juu ya kifuniko cha mashine kwa plasta. Ipo mpaka leo.

Tena usikandamize manii mabichi kuwa mashapo kabla ya kuchuja. Aitken na Clarkson walionyesha mwaka 1988 kwamba ukizibana mbegu nzima pamoja na zilizoharibika na chembe nyeupe, zile mbovu zinatoa oksijeni kali inayounguza zile nzima. Gradienti kwanza, dakika 15 hadi 30; kuosha baadaye, kwa upole, g 200 kwa dakika 4 hadi 10.

Sababu nyingine ni midia, majimaji ya kuoshea na kuhifadhia mbegu. Midia yenye bikaboneti peke yake inahitaji inkubeta yenye kaboni dioksidi asilimia 5 au 6. Ukiiacha wazi mezani inakuwa ya alkali. Kama ina rangi ya kuonyesha asidi, utaiona inaelekea zambarau. Kwa labo isiyo na gesi, nunua yenye HEPES, kemikali inayoshikilia pH bila gesi, funga tyubu, tumia joto kavu. Angalia pia bomba la sindano: kipande cheusi cha mpira kwenye kisukumizi kinaweza kuwa sumu kwa mbegu. Shehena mpya ya tyubu au bomba ikifika, chukua mbegu nzuri zilizooshwa, zigawe, nusu katika vifaa vya zamani, nusu katika vipya, zitazame baada ya saa 24. Zikianguka sana upande wa vipya, sanduku zima lirudi lilikotoka.

Dalili: mbegu chache mno zinapatikana, au mashapo ni machafu

Gradienti ya kawaida ni mililita 1 ya asilimia 80 chini, mililita 1 ya asilimia 40 juu yake, kisha mililita 1 ya manii. Mpaka kati ya tabaka mbili lazima uonekane kwa jicho kama mstari. Usipouona, zimechanganyika: ulimwaga kwa haraka, au ulitikisa tyubu ukiibeba. Ukizidisha manii, takataka zinapita. Ukiacha breki ya sentrifuji iwashwe, mwisho wa mzunguko unavuruga kila kitu. Na wakati wa kuyachukua mashapo, usipitishe pipeti ileile uliyotolea manii ya juu; badilisha, la sivyo unarudisha chini ulichokwisha kukiondoa.

Mgonjwa akiwa na mbegu chache tangu mwanzo, punguza kila tabaka hadi mililita 0.3, kwani umbali mrefu unapoteza nyingi. Kuziacha ziogelee juu zenyewe, tyubu ikiinama nyuzi 45 kwa saa moja, kunatoa mbegu safi na zenye nguvu lakini chache. Njia hiyo naiweka kwa manii mengi na mazuri tu.

Dalili: hakuna mbegu hata moja

Namba 3000 inatutega tena. Kabla ya kuandika sifuri, manii yazungushwe kwa g 3000 kwa dakika 15, na mashapo yatazamwe yote. Ni g 3000, si mizunguko 3000. Kwa mashine yetu ya sentimita 15 ni mizunguko 4230 hivi. Sampuli hiyo ni ya uchunguzi, haitumiki tena kwa matibabu. Mbegu chache zilizopatikana hapo zinabadilisha mazungumzo yote na daktari.

Ujazo ukiwa mdogo na pH iko chini ya 7.2, huenda njia zimeziba. Uliza kwanza kama tone la mwanzo lilimwagika, maana ndilo lenye mbegu nyingi kuliko mengine. Mwenye kisukari, aliyepasuliwa tezi dume, au anayekunywa tamsulosini, dawa ya tezi dume, aombwe mkojo mara baada ya kufika kileleni, kwani manii yanaweza kurudi nyuma kwenye kibofu. Na kijana mwenye mabega mapana umwulize bila kumhukumu kuhusu sindano za kujenga misuli. Testosteroni ya nje inaufanya ubongo uache kuziamuru korodani, na uzalishaji unaweza kusimama kabisa. Akiacha, kurudi kunachukua miezi.

Manii mazito, au mbegu zimeshikana

Manii huyeyuka kwa kawaida ndani ya dakika 15 hadi 30 kwa joto la mwili. Subiri hadi 60. Yakibaki yanavutika kama bamia, ongeza midia kiasi kilekile, yapitishe polepole kwenye sindano pana isiyo na ncha. Bromeleini, kimeng'enya cha nanasi kilichosafishwa kwa kazi ya labo, inasaidia pia.

Mbegu hai zilizoshikana kichwa kwa kichwa au mkia kwa mkia zinaashiria kingamwili zinazoshambulia mbegu. Zilizonasa kwenye ute au takataka ni jambo jingine. Chembe nyeupe zikizidi milioni 1 kwa mililita, daktari atafute uambukizo kabla ya kuosha. Lakini zipake rangi ya peroksidesi kwanza, kwa sababu mbegu changa za mviringo zinafanana nazo sana, na nimeona watu wakimezeshwa antibiotiki wiki tatu kwa ajili ya chembe zisizo na hatia.

Umeme umekatika katikati ya kazi

Usifungue sentrifuji kwa nguvu. Iache ijisimamie, umeme ukirudi anza dakika upya kwa gradienti ileile ikiwa mstari bado unaonekana. Tyubu za mbegu zilizokwisha kuoshwa zifungwe, ziwekwe kwenye chupa ya chai yenye maji ya nyuzi 37, kipimajoto ndani yake muda wote. Jaza chupa hiyo kila asubuhi hata kama umeme upo. Kama jenereta haiwaki na kazi haijaisha, joto la chumba la nyuzi 20 na zaidi ni salama kuliko maji uliyoyakisia kwa mkono.

Mwezi huu nzuri, mwezi uliopita mbaya

Kutengeneza mbegu kunachukua siku 74 hivi, halafu kuna safari ya kupita kwenye epididimisi, mrija ulio nyuma ya korodani. Malaria iliyomlaza mtu mwezi wa tatu inaweza kuonekana kwenye hadubini mwezi wa tano. Rudia baada ya miezi mitatu kabla ya kumpa jina la ugonjwa.

Kwetu lazima tuulize kazi pia: joto la tanuru, uchomeleaji, risasi, vumbi la kopa na kobalti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu Lubumbashi uliona kasoro za kuzaliwa zaidi kwa watoto ambao baba zao walikuwa na kazi zinazohusiana na madini. Ulitazama watoto, haukupima mbegu, kwa hiyo usimwambie mchimbaji kwamba ndilo jibu lake. Ila iandike kazi yake kwenye fomu.

Vifaa vipya

Wagonjwa wanaokwenda nje wanarudi wakiulizia kuchagua mbegu kwa haialuronani, kitu cha asili kinacholizunguka yai, wakiwa wameambiwa walipe zaidi. Jaribio kubwa la Uingereza, HABSelect, lililochapishwa 2019 likiwa na wanandoa zaidi ya 2700, halikuona ongezeko la maana la watoto waliozaliwa hai. Waambie hivyo. Pesa hiyo, kwa familia ya Katuba au Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, ni ada ya shule.

Kabla ya kukabidhi

Hesabu tena baada ya kuosha: ujazo mara mbegu mara asilimia zinazosonga mbele. Labo nyingi zinataka milioni 5 kwa IAC. Chini ya milioni 1 inafaa daktari azungumze na wanandoa kuhusu ICSI badala ya kujaribu tena na tena. Weka namba mbili, ya kabla na ya baada, kwenye karatasi moja, daktari aone kama kilichopotea kilipotelea mwilini au mezani pako.

Halafu jina. Katika mji huu asubuhi moja inaweza kuleta akina Ilunga watatu na Kasongo wawili. Kila tyubu iwe na majina yote, tarehe ya kuzaliwa na jina la mke, iandikwe kwenye tyubu yenyewe, si kwenye kifuniko kinachoweza kuhama. Meza iwe na manii ya mtu mmoja tu kwa wakati, na mwenzako asome kwa sauti kila unapohamisha. Mama akilala kitandani, umwulize jina la mume wake na tarehe ya kuzaliwa, ayataje kwa kinywa chake mwenyewe, wewe ukitazama kilichoandikwa. Yakilingana, mpe daktari bomba.